Dawa na Masharti Yake: Historia ya Kumwelekeza Mgonjwa Wilayani Rungwe

Katika mazoea ya Waswahili na jirani zao, dawa huenda na masharti. Mganga wa kienyeji anayempa mtu mizizi ya kuchemsha humwambia pia aichemshe kwa maji kiasi gani, ainywe kabla ya kula au baada ya kula, ajiepushe na chakula gani na kwa siku ngapi, na mgonjwa asipopona swali la kwanza analoulizwa ni kama aliyashika masharti. Hospitali ilipokuja ililichukua neno dawa likiwa limekwisha kubeba mzigo huo wote, lakini kwa muda mrefu haikuubeba mzigo wenyewe: ilitoa kidonge, ikaandika tarakimu mbili juu ya bahasha, ikamwita anayefuata. Makala haya yanafuatilia namna masharti hayo yalivyorudishwa polepole kando ya dawa katika wilaya ya Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, hasa kwa mikono na midomo ya wauguzi. Elimu inayohusika huitwa famakolojia ya uuguzi, yaani ujuzi wa namna dawa inavyofanya kazi mwilini kwa kadiri anavyouhitaji mtu anayeitoa, anayeangalia matokeo yake na anayemweleza mgonjwa jinsi ya kuitumia akiwa nyumbani, mahali ambapo hakuna wa kumwangalia.

Tukuyu, makao makuu ya wilaya, iko kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, wenye kimo kinachokaribia mita 2,960, katika nchi ya mvua nyingi, migomba, chai na parachichi. Kutoka hapo ardhi huteremka kuelekea Ziwa Nyasa, na kwa kila hatua ya kuteremka joto huongezeka na mbu pia, hata mtu wa nyanda za juu anayekwenda Kyela kwa shughuli za mpunga huenda akarudi na homa ambayo watoto wa huko bondeni wamekwisha kuizoea. Kyela na Ileje zilikuwa sehemu ya Rungwe hadi baada ya uhuru, kwa hiyo historia inayosimuliwa hapa huvuka mipaka ya wilaya ya leo.

Wanyakyusa, ambao maandishi ya Wajerumani huwaita pia Wakonde, huiita dawa unkota. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwao kati ya 1934 na 1938, waliacha maelezo mapana juu ya fikra za ugonjwa katika vijiji vile vya marika, ambamo wanaume wa umri mmoja walijenga pamoja na kula pamoja. Homa ya mtu aliyevunja desturi ilihusishwa na pumzi ya majirani zake, yaani hasira yao iliyompata kama baridi, na tiba haikukamilika mpaka hasira hiyo itamkwe wazi na wenye kinyongo wapulize maji kutoka mdomoni kuwa ishara ya kuridhia. Kulikuwa pia na umwafi, kinywaji chenye sumu kinachojulikana mahali pengi kwa jina la mwavi, alichonyweshwa mtuhumiwa wa uchawi: aliyetapika alihesabiwa kuwa safi, na aliyeshindwa kutapika alihesabiwa kuwa na hatia. Mambo mawili katika desturi hizo yanafaa kushikwa na yeyote anayetaka kuielewa historia ya kidonge katika nchi hiyo. La kwanza ni kwamba neno lilitangulia dawa. La pili ni kwamba nguvu ya dawa ilijulikana kwa kile ambacho mwili uliona na kuonyesha, iwe ni kutapika, jasho au uchungu mdomoni, na kwa kipimo hicho kidonge kidogo kisicho na ladha, kinachomezwa bila tukio lolote, kilikuwa kitu cha kutiliwa shaka. Wahudumu wengi wa baadaye waliouita wasiwasi huo ukaidi au ujinga hawakutambua kwamba mgonjwa alikuwa akitumia elimu, elimu yenye kanuni zake, kuipima elimu nyingine.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kanisa la Moravian kutoka Herrnhut, Ujerumani, walianzisha kituo cha Rungwe, na mwaka huohuo Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, ilianza kazi yake upande wa mashariki wa nchi hiyohiyo. Utawala wa Kijerumani ulikuwa na boma lake la kwanza ufukweni mwa ziwa, kisha ukahamia nyanda za juu, mahali palipoitwa Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Kati ya madaktari wa jeshi waliopita huko mwishoni mwa karne ya 19 alikuwamo Friedrich Fülleborn, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma kilichotoka mwaka 1906, na ambaye baadaye aliongoza taasisi ya magonjwa ya tropiki mjini Hamburg. Dawa kuu ya Wazungu hao dhidi ya homa ilikuwa kwinini, inayotokana na magome ya mti wa sinkona. Kwa kipimo cha wenyeji ilikuwa dawa ya kweli, kwa maana ilikuwa chungu kupita kiasi na ilimfanya mnywaji asikie masikio yakivuma. Hata hivyo ilileta fundisho gumu, ambalo limebaki kuwa gumu hadi leo: homa hupoa baada ya siku moja au mbili, lakini vijidudu vya malaria bado vimo ndani ya damu, na anayeacha dawa kwa sababu mwili umepoa huiona homa ikirudi. Kati ya kupoa na kupona kuna siku kadhaa za kumeza kitu kichungu bila kuumwa, na siku hizo hazina mtetezi mwingine ila maneno ya aliyetoa dawa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikatiza kazi hiyo. Majeshi ya Waingereza yaliyotoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini chini ya Jenerali Northey yaliiteka Neu-Langenburg mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini, na vituo vyao vikayumba mpaka walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Serikali ya Tanganyika chini ya Waingereza ilikuwa na madaktari wachache mno kwa nchi kubwa kiasi hicho, na kuanzia 1926, kwa msukumo wa John Shircore aliyeongoza idara ya tiba, ikaanza kuwafunza vijana wa Kiafrika kwa muda mfupi ili wasimamie vituo vidogo vilivyogharimiwa na serikali za wenyeji. Waliitwa madresa, kwa sababu kazi yao ya kwanza ilikuwa kuosha na kufunga vidonda. Sanduku la dresa lilikuwa na vitu vichache: bandeji, iodini, haluli ya kuharisha, kwinini, dawa za kupaka. Dresa alikuwa mwenyeji au jirani wa anaowahudumia, na ingawa elimu yake ilikuwa fupi, alikuwa na kitu ambacho hospitali kubwa za baadaye zilikikosa, yaani uwezo wa kuzungumza na mgonjwa kwa lugha ya nyumbani. Historia za tiba zilizoandikwa kwa kufuata ripoti za serikali humpima kwa alichokosa kujua. Mtu anayejali jinsi dawa inavyofika tumboni mwa mgonjwa ana sababu ya kumpima kwa kipimo kingine.

Kilichoipa tiba ya kizungu jina kubwa Tanganyika nzima katika miaka hiyo, hata hivyo, ilikuwa sindano. Ugonjwa wa buba, unaoleta vidonda vibaya vya ngozi na hatimaye kuharibu mifupa, ulikubali dawa za bismathi zilizodungwa mwilini, na vidonda vilivyomtesa mtu kwa miezi vilikauka mbele ya macho ya kijiji kizima. Baada ya 1945 ikaja penisilini, na ile ya kukaa mwilini kwa muda mrefu ilitosha kuponya buba kwa dozi moja. Watu wakaidai sindano hata kwa maradhi yasiyoihitaji, na desturi hiyo haijaisha. Sababu moja ni ya wazi, kwa kuwa sindano huuma, na kinachouma kina nguvu. Sababu ya pili husahauliwa: sindano haina masharti. Anayedungwa huondoka akiwa amemaliza wajibu wake, na anayedunga huwa amemaliza wa kwake pia, bila ya mmoja kumweleza mwenzake lolote. Kidonge ndicho kilichohamishia tiba nyumbani na kumfanya mgonjwa, au mama wa mtoto mgonjwa, kuwa mtoaji wa dawa, na kwa hiyo kikadai maelezo ambayo sindano haikuyadai.

Jambo hilo lilionekana mapema kwenye ukoma. Karibu na Tukuyu, mahali panapoitwa Makete, ambapo hapapaswi kuchanganywa na wilaya ya Makete ya mkoa wa Njombe, palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Dawa ya zamani ya ugonjwa huo ilikuwa mafuta ya mbegu za chomugra, yaliyodungwa kwa maumivu makali na yenye faida ndogo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 dawa za jamii ya salfoni, na hasa dapsoni ya kumeza, zilibadili hali hiyo, lakini zilihitaji kumezwa kwa miaka, na wakati mwingine zilizusha uvimbe na homa ambavyo mgonjwa aliviona kuwa dalili za dawa kumdhuru. Mgonjwa asiyeelezwa kwamba mwili huweza kufanya hivyo ukiwa katika njia ya kupona aliacha dawa, na aliyeacha alirudi akiwa na vidole pungufu. Baada ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza mwaka 1982 mchanganyiko wa dawa kadhaa kwa wakati mmoja, miaka ya kumeza ikapungua kuwa miezi, na pakiti zenyewe zikapangwa kwa siku za mwezi, kidonge kimoja kimoja, hata pakiti ikawa kalenda.

Uhuru na kisha Azimio la Arusha la 1967 vilielekeza nguvu vijijini. Zahanati na vituo vya afya viliongezeka, na huduma ikawa bila malipo. Hospitali za misheni, kama ile ya Kilutheri ya Itete na ile ya Kikatoliki ya Igogwe, ziliendelea bega kwa bega na hospitali ya serikali ya Makandana mjini Tukuyu, na mji huo ukapata pia chuo cha uuguzi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Kampeni hiyo ilihusu zaidi kinga, hasa vyoo na maji, kuliko matumizi ya dawa, lakini ikichanganyika na elimu ya watu wazima ilizaa kizazi cha wanavijiji waliozoea kuuliza ugonjwa unatoka wapi. Katikati ya miaka ya 1980 zahanati zikaanza kupokea maboksi yaliyofungwa ya dawa muhimu, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, na kwa mara ya kwanza muuguzi wa kijijini akawa na uhakika wa kuwa na kitu cha kutoa kila mwezi, ingawa boksi la mahali pa baridi na boksi la mahali pa mbu yalifanana.

Utaratibu wa kitaifa wa kuwapanga watumishi popote nchini ulileta Rungwe wauguzi kutoka Kagera, Tanga na Mtwara, na kuwapeleka wauguzi wa Kinyakyusa mbali na kwao. Faida yake kwa umoja wa taifa haina shaka. Kwa bibi kizee wa huko Mwakaleli aliyekuwa na Kiswahili cha sokoni tu, utaratibu huo ulimaanisha kwamba maelekezo ya dawa yalipitia lugha nne kabla ya kumfikia. Daktari aliandika herufi t.d.s., kifupi cha maneno ya Kilatini ter die sumendum, yaani ya kumezwa mara tatu kwa siku. Muuguzi alikuwa amejifunza maana yake kwa Kiingereza, lugha ya vitabu vyake vya chuo. Akayatamka kwa Kiswahili. Bibi akayageuza kwa Kinyakyusa kimoyomoyo. Alipoulizwa kama ameelewa alijibu ndaga, neno la shukrani na adabu ambalo mgeni hulichukua kwa urahisi kuwa ndiyo. Shukrani si ushahidi wa kuelewa, na wauguzi wazoefu walijifunza kutomwuliza mgonjwa kama ameelewa, wakamwomba badala yake aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyokunywa dawa akifika nyumbani.

Hata katika Kiswahili peke yake kulikuwa na mtego, nao unastahili kuangaliwa kwa karibu. Maneno yaliyozoeleka kwenye dirisha la dawa ni kutwa mara tatu, na juu ya bahasha huandikwa 1 x 3. Kutwa, kwa maana yake ya asili, ni tangu asubuhi hadi jioni, usiku haumo. Anayeambiwa ameze amoksilini kutwa mara tatu huimeza asubuhi, mchana na magharibi, kisha hukaa usiku mzima bila dawa, wakati kiuavijasumu cha aina hiyo hutoka mwilini haraka na hutakiwa kugawanywa sawasawa katika saa 24. Kwa kuwa mara tatu imeunganishwa na milo mitatu, nyumba inayokula mara mbili hunywa dawa mara mbili. Ikitamkwa kila baada ya saa nane, tatizo hubadilika sura, kwa sababu Waswahili huhesabu saa tangu mapambazuko, na saa nane ni wakati wa mchana ambao adhana ya adhuhuri imekwisha kupita, si urefu wa muda tu. Ili kutenganisha mambo hayo mawili wauguzi wengi husema masaa nane wanapotaja muda na saa nane wanapotaja wakati. Sarufi ya darasani huikataa masaa, lakini katika chumba cha dawa umbo hilo hufanya kazi ambayo hakuna umbo jingine linaloifanya kwa ufupi kama huo, na anayelisahihisha angefaa kwanza kusimama dirishani kwa siku moja.

Uzito wa jambo hilo ulionekana wazi katika tiba ya malaria, ambayo ndani ya miaka michache ilibadilika mara mbili. Klorokwini, iliyotawala kwa miongo kadhaa, ilikuwa vidonge 10 kwa mtu mzima, vinne siku ya kwanza, vinne ya pili na viwili ya tatu, na iliwawasha watu ngozi kiasi kwamba wengi waliiacha njiani na kuficha vilivyobaki kwa homa ijayo. Vimelea vilipokuwa vimeizoea, Tanzania iliiondoa mwaka 2001 na kuweka SP, mchanganyiko wa salfadoksini na pirimethamini, vidonge vitatu vinavyomezwa kwa mara moja, ambavyo muuguzi aliweza kuvisimamia vikimezwa mbele yake. Mwaka 2006 uamuzi ukafanywa wa kuhamia kwenye mseto wa artemetha na lumefantrini, na mtu aliyezoea vidonge vitatu akapewa 24: vinne kwa kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya muda wa saa nane. Mgonjwa aliyemeza ya kwanza kituoni saa nne asubuhi anatakiwa kumeza ya pili saa kumi na mbili jioni, lakini akisikia arudie saa nane, ataimeza mchana huohuo, saa nne tu baadaye.

Mseto una sharti jingine, ambalo Rungwe ina bahati nalo. Artemetha huua vimelea kwa kasi na kutoweka baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia, lakini huingia kwenye damu vizuri pale tu inapomezwa pamoja na mafuta. Vitabu vya mafunzo hutaja maziwa au chakula chenye mafuta, na katika wilaya ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambako parachichi huanguka chini ya mti na kuokotwa na watoto, sharti hilo linatimizika bila gharama, mradi lisemwe. Papo hapo maziwa yaleyale huizuia dawa nyingine, tetrasaiklini, kwa kuwa madini ya chokaa yaliyomo huishika dawa tumboni isipite. Mama aliyeambiwa juzi kwamba dawa hunywewa na maziwa ana haki ya kushangaa leo akiambiwa asiyaguse, na hapo ndipo famakolojia ya muuguzi huonekana, kwa sababu anayejua sababu huweza kueleza, na asiyejua huamuru tu.

Tiba ya kifua kikuu ilifuata njia tofauti. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanzishwa mwaka 1977, ambao mtaalamu Karel Styblo aliusaidia kuujenga na ambao baadaye ulikuwa mfano kwa dunia nzima, uliweka kanuni kwamba mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu, na katika hatua ya kwanza wengi walilazwa hospitalini kwa miezi miwili. Utaratibu huo uliokoa watu, lakini uliwaelemea wakulima waliokuwa wakiacha mashamba. Kuanzia 2006 mgonjwa aliruhusiwa kumchagua mtu wa nyumbani wa kumsimamia, na hivyo muuguzi akawa na wanafunzi wawili, mgonjwa na msimamizi wake. Jambo moja dogo lilipaswa kuelezwa siku ya kwanza kabisa: rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa na rangi ya chungwa. Aliyeambiwa mapema huichukua rangi hiyo kuwa alama ya dawa kufanya kazi, kwa mujibu wa ile elimu ya kale ya kwamba dawa ya kweli huonekana. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu na huacha. Kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango liko neno zaidi, kwamba rifampisini hupunguza nguvu za vidonge hivyo.

Kurejeshwa kwa tiba binafsi mwaka 1991 na kuanza kwa uchangiaji wa gharama hospitalini mwaka 1993 kulihamisha sehemu kubwa ya utoaji wa dawa kwenda maduka ya dawa baridi, ambamo mara nyingi aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa muuguzi msaidizi, na mteja aliyekuwa na fedha ya vidonge vinne aliuziwa vinne. Mpango wa duka la dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 kisha ukaenea mikoani, uliwapa wauzaji hao mafunzo na kibali, na kazi ya kueleza ikatambuliwa rasmi kuwa sehemu ya kuuza.

Mfano ulio wa kipekee zaidi Rungwe uko nje ya kuta za hospitali na za duka. Mito ya kasi inayoteremka kutoka milimani, kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo, huzaa inzi wadogo weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa wa minyoo inayokaa chini ya ngozi, ambayo watoto wake huwasha mwili kwa mateso makubwa na mwishowe huweza kupofusha. Dawa yake, ivamektini, hutolewa bure kwa jina la Mectizan tangu kampuni ya Merck ilipotoa ahadi hiyo mwaka 1987, na katika bonde la Tukuyu iligawiwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wanavijiji waliochaguliwa na wenzao wenyewe na kufundishwa na watumishi wa afya. Mgawa dawa hakuwa na mizani. Alikuwa na ufito wenye alama, na kila mtu alisimama kando yake wima, bila viatu: mwenye sentimita 90 hadi 119 alipata kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, na 159 kwenda juu vinne. Asiyefikia alama ya chini kabisa hakupewa, wala mjamzito, wala aliyejifungua ndani ya wiki moja, wala aliye mgonjwa sana. Ni vigumu kukuta hesabu ya famakolojia iliyorahisishwa kwa uaminifu kiasi hicho, kwa maana urefu ulisimama badala ya uzito, na ufito ukasimama badala ya kitabu.

Maelezo yaliyotakiwa kuandamana na ufito huo yalikuwa marefu kuliko ufito. Ivamektini huua watoto wa minyoo na kuwazuia wakubwa kuzaa kwa muda, lakini minyoo wakubwa huishi mwilini kwa miaka 10 hadi 15, kwa hiyo dawa hurudiwa kila mwaka kwa miaka mingi, na humezwa na kijiji kizima, akiwamo asiyewashwa wala kuona dalili yoyote. Wanaofaidika zaidi ndio wanaosumbuka zaidi siku ya kwanza, kwa sababu vifo vya minyoo midogo huleta uvimbe, homa na mwasho. Mgawa dawa aliyekuwa jirani alilazimika kusema mambo hayo kwa Kinyakyusa mbele ya watu watakaomkuta kesho kisimani, na pasipo kutarajiwa kijiji kikarudishiwa kitu alichokuwa nacho dresa wa miaka ya 1920. Siku hizi kazi hiyo huitwa kingatiba, neno zuri ambalo Kiswahili kimejiundia chenyewe, ingawa kwa masikio ya mzee wa kijijini bado linahitaji kufunguliwa: kinga kwa mzima, tiba kwa asiyejijua kuwa ni mgonjwa.

Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini, na mkoa wa Mbeya, ambamo Rungwe imo na unaopitiwa na barabara kuu ya Zambia, ulikuwa miongoni mwa walioumizwa mapema na ugonjwa huo. Hapa maneno yalitangulia dawa kwa amri ya mwongozo wenyewe, kwani mgonjwa hakuanzishiwa dawa mpaka apitie vikao vya ushauri na, ikiwezekana, aje na mwenzi wa matibabu. Miongoni mwa dawa za kwanza ilikuwamo nevirapini, iliyoanza kwa nusu ya kipimo kwa siku 14, mara moja kwa siku, ili ini lijizoeze kuichakata na ngozi isilipuke vipele, kisha ikaongezwa kuwa mara mbili. Muuguzi aliyetoa maelezo hayo alihesabu pia vidonge vilivyobaki kwenye kopo kila mgonjwa aliporudi kliniki, na neno ufuasi, ambalo kabla ya hapo lilisikika zaidi kanisani na katika vyama vya siasa, likapata maana ya kushika dawa bila kukosa. Wazee waliokumbuka waganga wa zamani hawakuhitaji kutafsiriwa neno hilo. Kwao yalikuwa masharti.

Wauguzi wanafunzi hufundishwa leo kukariri mambo matano kabla ya kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Yote matano yanahusu mkono unaotoa. Katika kliniki ya wajawazito ya Tukuyu, ambako mama huondoka na vidonge vya kuongeza damu vya kumtosha mpaka ziara ijayo, sharti linaloamua mengi halimo katika hayo matano. Madini ya chuma yaliyomo ndani ya vidonge hivyo hugeuza choo kuwa cheusi, jambo la kuelezwa ili mama asitishike, na hushikwa tumboni na uchungu wa majani ya chai, yasifike kwenye damu, yakinywewa kwa pamoja. Muuguzi humwambia ameze kwa maji au kwa juisi ya chungwa, na chai isubiri masaa mawili, akiitamka hivyo, masaa, ili isije ikasikika saa mbili ya asubuhi. Naye mama anayeambiwa hayo amekuja kliniki akitokea shambani upande wa Katumba, ambako tangu alfajiri alikuwa akichuma chai hiyohiyo.